Othello, Mwarabu au Mwafrika? Neno "Moor" kutoka London ya 1604 mpaka Johannesburg ya 1987

Watoto wetu wengi wa Maskati, Dubai na Abu Dhabi wanaosoma skuli za mtaala wa Kiingereza hukutana na Othello, tamthilia ya Shakespeare, wanapofika madarasa ya juu. Na mtoto wa nyumba zetu huja na swali ambalo Mwingereza hana haja kubwa ya kuliuliza: huyu Othello anayeitwa "Moor", ni Mwarabu au ni Mwafrika? Swali hili limenifikia kwa simu mara tatu, kutoka kwa wajukuu na watoto wa ndugu zangu, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye nijulikanaye kuwa nilisoma skuli ya mapadri Mombasa na kumkariri Shakespeare kabla sijawa karani wa bandarini. Sasa nimestaafu, umri umepita sabini, na ninaishi kwa binti yangu Johannesburg. Nimeona bora niandike jibu moja refu, khasa kwa kuwa mji huu ninaokaa una sehemu yake katika jibu lenyewe.

Kwa asiyeijua hadithi: Othello ni jemadari mgeni anayelitumikia dola la Venice. Anamuoa kwa siri Desdemona, binti wa mzee mkubwa wa baraza. Iago, askari wa chini yake aliyenyimwa cheo, anamtia sumu ya wivu kidogo kidogo mpaka Othello anamuua mkewe kwa kosa ambalo hakulitenda, kisha akijua ukweli anajiua mwenyewe. Ni tanzia ya maneno. Iago hashiki upanga mpaka karibu na mwisho. Silaha yake ni ulimi. Ndiyo maana asiyejua maneno yale yalikuwa na uzito gani wakati wake, hataijua tamthilia.

Tuanze na wakati wake. Tamthilia iliandikwa kiasi cha 1603 au 1604, na onyesho la mwanzo lililoandikwa katika daftari za ufalme ni la tarehe 1 Novemba 1604, katika jumba la Whitehall. Miaka minne kabla, mwezi wa Agosti 1600, alifika London balozi wa Sultan Ahmad al-Mansur wa Morocco, jina lake Abd al-Wahid bin Masoud. Alikaa kiasi cha miezi sita akizungumza na Malkia Elizabeth juu ya kushirikiana dhidi ya Hispania. Picha yake iliyochorwa wakati huo bado ipo Birmingham: mtu wa kilemba cheupe, joho jeusi, upanga kiunoni, macho yanayokutazama moja kwa moja. Watu wa London walimwona akipita na msafara wake, wakamwita "Moor". Sisemi kwamba Othello ndiye balozi huyu. Nasema kwamba aliyeingia kutazama mchezo ule 1604 alikuwa ameshawaona "Moor" wenye heshima, wenye kusikilizwa na malkia.

Lakini mji huo huo ulikuwa na sura nyingine. Mwaka 1601 ulitayarishwa waraka kwa jina la malkia huyo huyo wa kutaka watu weusi waondolewe Uingereza, kwa madai kwamba wamezidi. Kwa hiyo neno moja lilikuwa na balozi ndani yake na mtu wa kufukuzwa ndani yake. Shakespeare alilichukua likiwa na pande zote mbili, na tamthilia yote inatembea juu ya ufa huo.

Sasa ndugu wasomaji, neno hili si geni kwetu kama tunavyodhani. Wareno walipofika pwani yetu 1498 na Vasco da Gama, waliwaita watu wa Kilwa, Mombasa na Malindi "mouros", neno lile lile. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika khabari za miji yetu mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza kwamba hao "mouros" wa pwani wako weusi na wako weupe, na wamevaa hariri na dhahabu. Watu wa Maskati, iliyotekwa na Albuquerque 1507, nao kwa Mreno walikuwa "mouros". Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ilianza kujengwa 1593, miaka kumi tu kabla ya Othello. Basi mzee wa Maskati na mzee wa Mombasa, kwa jicho la Mzungu wa zama zile, walibeba jina moja, na jina lile liliitazama dini kwanza, rangi baadaye, na mara nyingi likavichanganya vyote viwili. Othello mwenyewe ameshabatizwa, na bado anaitwa hivyo. Ndiyo kusema jina halikuwa la dini peke yake.

Angalia namna linavyotumika. Katika onyesho la kwanza, Iago na mwenzake wanazungumza juu ya Othello muda mrefu, na jina lake halitajwi hata mara moja. Ni "Moor", ni mtu wa midomo minene, ni mnyama huyu na mnyama yule. Wanamwamsha baba wa Desdemona usiku wa manane na kupiga kelele chini ya dirisha lake kwamba binti yake yuko na farasi wa Barbary. Barbary ndiyo jina walilowaita Waingereza pwani ya Afrika ya Kaskazini. Wafanyabiashara wa London walikuwa na kampuni ya kufanya biashara huko tangu 1585, na farasi wa huko walisifika. Tusi limetengenezwa kutokana na bidhaa ya soko, na kila mtu ukumbini alilielewa.

Jina "Othello" linasikika kwa mara ya kwanza katika onyesho la tatu, na anayelitamka ni mkubwa wa dola. Na analitamka kwa sababu anamhitaji: khabari zimekuja kwamba manowari za Waturuki zinaelekea Cyprus. Hapa napo historia inasema. Cyprus ilikuwa ya Venice mpaka Waturuki walipoitwaa 1570 na 1571, na watazamaji wa 1604 walijua kwamba kisiwa kinachohangaikiwa jukwaani kilishapotea zamani. Hofu ya Mturuki ndiyo iliyompa Othello jina lake. Hofu ikiondoka (na dhoruba inaziharibu zile manowari mapema kabisa) haja ya kumheshimu nayo inapungua, na anarudi kuwa "Moor". Katika kinywa cha Desdemona peke yake neno lile linakuwa tamu. Mbele ya baraza zima analitumia kumtaja mume wake aliyemchagua, bila ya aibu.

Liko jambo jingine ambalo wanafunzi wa leo hawalisikii, kwa kuwa Kiingereza cha leo kimelipoteza. Zamani Waingereza walikuwa na "wewe" mbili: "you" ya heshima, na "thou" ya mtu wa chini, au mtoto, au mpenzi, au adui unayemdharau. Mkubwa wa dola anamwambia Othello "you". Baba wa Desdemona, ambaye zamani alikuwa akimkaribisha nyumbani kwake, akijua ameozeka bila ya yeye anamrukia na "thou". Kwa neno moja amemshusha kutoka mgeni wa barazani hadi mwizi. Sisi hatuna viwakilishi viwili, lakini tunaielewa hali hiyo vizuri kuliko Mwingereza wa leo: mtu uliyekuwa ukimwita "sheikh" jana, leo ukamwita "we!", mtaa mzima utajua kuna jambo.

Kuhusu viapo nitasema kwa ufupi, ingawa ni somo zuri. Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku kulitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani, faini pauni 10 kwa kila kosa. Othello ilichapwa mara mbili kwa kufuatana, 1622 na 1623. Chapa ya kwanza ina viapo vingi vya kuapia damu na majeraha ya Masihi, vingi vikiwa vya Iago. Katika chapa ya pili zaidi ya hamsini vimeondolewa au kulainishwa. Mtoto akiona kitabu chake hakilingani na cha mwenzake, asidhani ni makosa ya mpiga chapa. Padri aliyetusomesha sisi naye alikuwa na sheria yake: akifika pale chini ya dirisha alikohoa, akafunua kurasa mbili pamoja, akaendelea. Nilimaliza skuli nikidhani Iago ni mtu mwenye adabu kidogo.

Na sasa Johannesburg. Mwaka 1949 serikali ya ubaguzi ilipitisha sheria ya kukataza ndoa baina ya weupe na wasio weupe. Mwaka uliofuata sheria ya uasherati ikapanuliwa ili hata mapenzi nje ya ndoa yawe jinai. Mwaka huo huo wa 1950 ikaja sheria ya kuandikisha kila mtu kwa kabila la rangi. Mimi nimekuwa karani, najua nguvu ya kisanduku katika fomu. Hapa kisanduku kiliamua utakaa mtaa gani, mtoto atasoma wapi, utamuoa nani. Penye shaka, wakaguzi walichomeka kalamu ya risasi katika nywele za mtu na kutazama kama itaanguka. Chini ya sheria hizi Othello na Desdemona wangekuwa wahalifu wawili katika faili moja la polisi. Sheria hizo za ndoa na mapenzi zilifutwa 1985 tu.

Miaka miwili baadaye, 1987, nchi ikiwa katika hali ya hatari, Janet Suzman aliiweka Othello katika jukwaa la Market Theatre, Newtown. Suzman ni mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa ameshajijengea jina jukwaani Uingereza. Jumba lenyewe lilifunguliwa 1976, mwaka wa maafa ya Soweto, katika jengo la lililokuwa soko la matunda la Wahindi, na tangu mwanzo lilikaribisha watu wa rangi zote wakae pamoja. Othello alikuwa John Kani, mwana wa New Brighton, Port Elizabeth, ambaye pamoja na Winston Ntshona na Athol Fugard alikuwa amekwisha kuutembeza ulimwenguni mchezo wa Sizwe Banzi Is Dead, unaohusu kitabu cha pasi. Desdemona alikuwa Joanna Weinberg, mwanamke mweupe. Hakukuwa na haja ya kubadili neno hata moja la Shakespeare. Mtu mweusi akambusu mkewe mweupe mbele ya watu, na wapo watazamaji weupe walioinuka na kutoka.

Fikiri maneno yale ya dirishani yalivyosikika hapo. London ya 1604 ilicheka, pengine, kwa sababu mzee anaamshwa usiku na khabari za aibu. Johannesburg ya 1987, matusi yale yale yalikuwa lugha ya mtaani, tena mpaka jana yake yalikuwa na sheria nyuma yake. Na kule kutotajwa jina kulieleweka na kila mfanyakazi aliyeitwa "boy" akiwa na wajukuu. Serikali nayo ilikuwa ikibadili majina ya wananchi wake kama mtu abadilishaye vibandiko vya chupa: kwanza "native", kisha "Bantu". Neno hili la pili ni mwenzake "watu", maana yake ni binadamu tu, na hapa walilifanya likawa tusi. Mpaka leo usimwambie mzee wa Soweto kwamba yeye ni Mbantu, hata kama una nia ya kuzungumzia nasaba ya lugha.

Wahakiki kadhaa walilalamikia Kiingereza cha Kani. Lugha yake ya mama ni Kixhosa, nao walitaka kusikia sauti ya London. Kwangu mimi lalamiko hili linaonyesha kutoisoma tamthilia. Othello ni mgeni aliyejifunza lugha ya wakubwa wake ukubwani. Mbele ya baraza anaomba radhi kwamba hajui kusema vizuri, kisha anasema vizuri kuliko wote waliopo. Ni adabu ya mgeni, na vile vile ni tahadhari yake, kwa kuwa anajua kila neno lake linapimwa. Baadaye, Iago akishamvuruga, lugha ile anayoishika kwa uangalifu inamvunjikia mdomoni: anatoa vipande vya maneno visivyoungana, anaanguka na kuzimia. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha haanguki namna hiyo. Sisi tuliofundishwa Kiingereza kwa fimbo, tukakitumia ofisini miaka thelathini tukiogopa kukosea mbele ya bosi, tunajua Othello alikuwa amebeba nini.

Liko neno moja la kwetu ambalo historia ya nchi hii ilililigeuza kabisa, nalo si la Shakespeare. Ni "kafiri". Wareno walilisikia kwa watu wa pwani, ambao waliwaita hivyo watu wa bara wasio Waislamu. Waholanzi na Waingereza wakalichukua, wakalileta kusini, likawa jina la kila mtu mweusi, kisha likawa tusi kubwa kuliko yote ya ubaguzi. Mwaka 2018 mahakama moja hapa Johannesburg ilimfunga mwanamke mweupe kwa kuwatukana nalo askari polisi. Jamaa zetu wakija kutembea kutoka Oman huwaonya mapema: neno mlizoealo darasani, hapa msilitoe mdomoni.

Turudi kwenye swali. Mwarabu au Mwafrika? Watu wa Durban waitwao Wazanzibari wanalijua swali hili kuliko Othello. Asili yao khasa ni Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya utumwa na kupelekwa Durban kupitia Unguja kati ya 1873 na 1880. Waliishi Bluff, wakishika Uislamu na Kimakua chao. Ilipokuja sheria ya rangi, serikali haikujua iwaweke kisanduku gani. Mwisho, kwa sababu ya dini yao, wakaandikwa kuwa ni "Waasia wengine", na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Watu weusi, wasemao Kimakua, wakawa Waasia kwa amri.

Wala tusiwacheke watu wa kusini. Unguja chini ya Waingereza, hesabu ya watu ya 1924 iliwapata maelfu waliojiandikisha kuwa ni Waswahili. Ya 1931 idadi yao iliporomoka, wengi wakiwa wamejiita jina jingine. Wakati wa Vita vya Pili chakula cha mgao kiligawiwa kwa kabila, na mchele ulikuwa na kisanduku chake. Nyumba nyingi za wasomaji wa ukurasa huu zina ndugu wawili wa baba mmoja, mmoja akiandikwa Mwarabu na mwengine Mwafrika, na kila mmoja anajua hilo liligharimu nini baada ya Januari 1964.

Kwa mtihani, basi, mtoto aandike hivi: kwa Kiingereza cha 1604 neno "Moor" halikutenganisha Mwarabu na Mwafrika, na Shakespeare hakutaka kulitenganisha. Aonyeshe kwamba maneno ya tamthilia yanamfanya Othello mweusi waziwazi, na pia yanamhusisha na Afrika ya Kaskazini. Vyote viwili vimo. Kutaka achague kimoja ni kutumia fomu ya karne ya 20 kwa mtu wa karne ya 17.

Mfasiri hana nafasi hiyo, lazima achague. Khalil Mutran, mshairi wa Lebanon aliyeishi Misri, alipoifasiri kwa Kiarabu 1912 aliipa jina la Utayl, akidai kwamba Othello ni jina la Kiarabu lililopindwa na Wazungu, na kwamba anamrudisha kwao. Kwa Kiswahili tunao mfano wa Mwalimu Nyerere, na najua jina hilo halipokelewi namna moja katika kila nyumba ya wasomaji wetu. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alimfanya yule mfanyabiashara mmoja wa Venice kuwa Mabepari wa Venisi, wengi, na kwa neno la siasa ya siku zile. Zama zake zinasikika katika jalada.

Ningekuwa mimi, ningeandika "Mmaghribi". "Mwarabu" linamtoa weusi wake, "Mweusi" linamtoa kwao, na "Mmoro" halimwambii msikilizaji kitu. Mmaghribi ni mtu wa mbali, tunajua anatoka upande gani, na rangi yake inabaki kwa wanaomtukana kuitaja. Shida itabaki kwenye kile kitambaa ambacho Iago anakifanya ushahidi wa uongo. Neno lake la asili ni leso, tulilolipata kwa Wareno hao hao wa "mouros", na kwao lilikuwa kitambaa cha mkono tu. Lakini Mombasa leso ni kanga, na Iago anadai kwamba amemwona Cassio akijifutia ndevu nacho. Mfasiri akiandika "leso" bila ya kufafanua, mama zetu watamwona Cassio amesimama Cyprus akijifuta ndevu kwa kanga nzima, na maandishi yake chini.